Shitanda na Kisima cha Wangechi

Zadock Shitanda alitoka Kakamega akiwa kijana, akapanga chumba mtaa wa Mamboleo na kuanza kazi ya kuchimba. Alichimba visima na vyoo kwa sururu ileile. Hakuwahi kuacha shimo katikati, hata alipokuta mwamba.

Kisima alichojivunia zaidi ni kile cha Wangechi, mama muuza viazi mwenye nyumba sita za kupangisha. Maji yake yalikuwa maangavu na baridi, na majirani wote walichota hapo. Baadaye wapangaji walipoongezeka, Wangechi alimwita tena achimbe choo. Kiwanja kilikuwa kidogo. Shitanda alichimba mahali palipobaki, hatua kumi na mbili kutoka kisimani, upande wa juu.

Mvua ndefu zilipoanza, wapangaji waliharisha. Aoko, fundi wa nguo katika nyumba ya tatu, alilazwa siku tisa kwa homa ya matumbo. Nangila, afisa wa afya, alikuja kuchukua maji ya kupima. Aliporudi na majibu, Shitanda naye alikuwapo.

"Maji haya yameingiwa na kinyesi," alisema Nangila.

"Lakini ni safi, madam. Angalia mwenyewe."

"Vidudu havionekani kwa macho, Mzee. Choo kile kilichimbwa na nani?"

"Ni mimi. Hata kisima ni mimi."

Nangila hakumgombeza. Alichora chini kwa kijiti, akamwonyesha uchafu unavyopenya kwenye nyufa za mwamba hadi kisimani. Shitanda alizijua nyufa hizo. Alizipasua mwenyewe, akashangilia maji yalipochuruzika.

Aoko aliporudi nyumbani, Shitanda alimtembelea. "Mama, ugonjwa wako ulitokana na kazi yangu."

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Basi kaa, unywe chai."

Wiki iliyofuata lori la kunyonya maji taka liliondoa uchafu wote, na Shitanda akafukia choo kile kwa mikono yake, bila malipo. Kingine alikijenga karibu na barabara, kimeinuliwa, tangi lake limezibwa kwa saruji pande zote. Wangechi alivuta maji ya bomba. Ya kisimani yakabaki ya kufulia.

Siku hizi Shitanda hachimbi kabla ya kuuliza majirani wanachota wapi. Mwezi uliopita, huko Otonglo, mwenye kiwanja alitaka choo kando ya kisima cha jirani; Shitanda alipokataa, akamwambia anaringa. Shitanda alimuaga kwa heshima, akabeba sururu yake, akaenda zake.