Jumbe Mbili, Namba Moja

Shangazi yangu hakuwahi kujibu "sawa" kabla hajakurudishia maneno yako. Ukimwomba akuamshe alfajiri, alisema, "Nikuamshe alfajiri, kabla maji hayajakatika, nikuachie ndoo bafuni," kisha akakutazama mpaka useme ndiyo. Muuza nyanya wa pale kona alikuwa akimtania: "Mama, bei nimekutajia mimi, sasa unanitajia mimi tena?" Naye, uso mkavu kabisa, alimjibu, "Ili ukiibadilisha nikushike." Alistaafu, akaanza kuvaa miwani mizito, magoti yakamkataa, lakini tabia hiyo haikumtoka.

Aliipata kazini. Tangu ujana wake alikuwa mtu wa mawasiliano katika kikosi cha wanamaji, nchi kavu, kwenye chumba kisicho na dirisha ambako wenzake walimwita Mama Roja, kwa lile neno la redioni la "nimepokea". Sisi nyumbani tulifaidi misamiati ya chumba hicho bila kuandikishwa jeshini. Maombi yetu aliyapanga kama walivyopanga ujumbe: ya kawaida, ya haraka na ya dharura. Kiatu kilichotoboka kilikuwa cha kawaida. Homa ilikuwa ya haraka. Mama yangu alipokuwa na uchungu wa kumzaa mdogo wangu, tulimkuta shangazi amesimama mlangoni na kanga mkononi, anarudia peke yake kwa sauti ya chini, "Dharura, dharura, dharura," kama anayesubiri mtu wa upande wa pili amjibu.

Mtu aliyempenda kuliko wote alikuwa baba yangu. Walifiwa na wazazi mapema, yeye akiwa msichana mkubwa na baba angali mtoto wa kubebwa mgongoni. Alimlea, akamsomesha kadiri alivyoweza, na alipoingia jeshini baba naye akamfuata. Kwa kuwa baba alikuwa na mkono wa mapishi, wakampeleka jikoni, akawa mpishi kwenye boti ya doria. Mabaharia walimwita Sufuria. Shangazi hakulipenda jina hilo, akasema limemfanya mdogo wake kuwa chombo. Lakini aliipenda ile boti kwa namna ya ajabu, kama mtu anavyopenda mlango ambao mtoto wake ametokea. Boti ikiwa baharini alikula nusu sahani. Ikirudi, alikula.

Siku ninayotaka kuiandika hapa ilitukia nikiwa chuoni, na kwa miaka mingi niliijua kwa upande mmoja tu, upande wa baba.

Boti yao ilikuwa imetumwa kuvizia wasafirisha magendo, watu wenye bunduki wasiosita kuzitumia. Ilijibanza nyuma ya mwamba, injini zimezimwa, katika kile wanachokiita ukimya wa redio. Boti haitamki neno, maana redio ikitoa sauti adui hujua iko wapi. Inasikiliza tu, tena kwa saa zake, asubuhi na jioni. Nchi kavu hutuma jumbe zake zote hewani, kila ujumbe na namba yake, bila kutegemea jibu. Kwenye boti, mashine huzipokea na kuzipanga. Namba ikirukwa, wanajua kuna ujumbe wameukosa. Na namba ikija mara ya pili, mashine huihesabu kuwa ni marudio ya kitu walichokwisha kukipokea, na huyatupa.

Asubuhi hiyo likaja onyo. Mafundi wa baruti walikuwa wamekuta mabomu ya zamani chini ya maji karibu na ule mwamba, na wangeyalipua adhuhuri. Boti iondoke hapo kabla ya adhuhuri. Shangazi ndiye aliyekuwa zamu. Aliuandika ujumbe, akausoma, akausoma tena, akautuma katika saa ya asubuhi ya kusikiliza. Kioo cha kompyuta kikaandika: umetumwa.

Baba alisimulia kilichofuata kila watu walipokusanyika nyumbani. "Nipo jikoni namenya viazi," alikuwa akisema, "mara nasikia spika ya juu, ile ya masafa ya dharura ambayo haizimwi hata mkiwa mmekufa. Namsikia dada yangu! Si ile sauti yake ya kazini. Sauti ile aliyokuwa akiniitia nikaoge. Anaita boti yetu, anasema ondokeni mlipo, elekeeni kaskazini, sasa hivi, msijibu. Hewani kabisa, dunia nzima inasikia! Nahodha akafura. 'Nani huyu mama anayetuanika?' Nikapanda ngazi na kisu mkononi. Nikamwambia, 'Afande, huyo ni dada yangu. Huyo akikuambia geuka, wewe geuka, maswali utauliza baadaye.'"

Watu hucheka hapo. Baba husubiri wacheke.

"Tukageuka. Hatujafika mbali, bahari nyuma yetu ikainuka kama mtu anayekung'uta shuka. Sahani zote zikavunjika. Wale wa magendo wakatuponyoka, lakini na sisi tuliponyoka. Mashine zao zile mpya zilikuwa zimelala, onyo halikutufikia. Aliyegundua ni nani? Dada!"

Kila alipofika hapo, shangazi aliinuka akaenda kuosha vyombo, hata kama vilikuwa visafi. Tulidhani ni unyenyekevu. Mama yangu alikuwa akisema, "Wifi yangu hapendi sifa." Kikosini walimsifu paredini mbele ya wote, na baba alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma.

Miaka ilipita. Chuo ninachofundisha kilitutaka tukusanye maneno ya Kiswahili ya kompyuta na mawasiliano, nikaona niende kwa mtu aliyeyatumia kazini badala ya kuyabuni mezani. Nilimkuta sebuleni anakunja nguo. Alifurahi, akanirudishia kila swali kabla ya kulijibu. Foleni ya ujumbe. Saa ya kusikiliza. Ishara ya wito. Kisha nikamwuliza mnauitaje ujumbe ambao mashine inautupa kwa kuwa imeshaupokea.

"Marudio," akasema. Alikuwa ameshika shati la baba. Akaliweka chini bila kulikunja.

"Shangazi, vipi?"

"Funga mlango," akasema. "Baba yako yuko wapi?"

"Ametoka."

"Ametoka. Una hakika?"

Nilimwambia nina hakika. Nikaingiwa na hofu bila kujua ninaogopa nini.

Akaniambia. Asubuhi ile umeme ulikatika kidogo tu, kiasi cha taa kufumba na kufumbua. Kompyuta zikazimika, zikawaka upya. Mashine iliyokuwa ikitoa namba za jumbe ilikuwa imesahau ilipofika, ikamwuliza: namba ya mwisho kutumika ni ipi? Swali hilo ilikuwa lazima lijibiwe kwa kwenda kwenye kona ya chumba, kwenye printa inayochapa kila ujumbe unaotumwa hewani, ukasome ya mwisho kwa macho yako. Yeye hakwenda. Aliandika namba ya ujumbe wa mwisho aliokuwa ameutuma yeye, mara tu alipofika zamu asubuhi hiyo. Alisahau kwamba mwenzake wa zamu iliyotangulia alikuwa ametuma baada yake taarifa ya hali ya hewa wakati wakipokezana viti, saa ya kusikiliza ilipoanza.

"Kwa hiyo onyo likaenda na namba ya hali ya hewa," nikasema polepole.

"Likaenda na namba ya hali ya hewa. Na boti ilikuwa imeshapokea hali ya hewa." Alinitazama. "Mimi ambaye muuza nyanya simwachii. Siku ile sikumwuliza mtu, sikurudisha neno. Nilijiamini."

Aligundua baadaye, saa ya kusikiliza ilipokwisha kupita, alipokwenda kuchana karatasi kwenye printa. Namba ileile, mara mbili, moja juu ya nyingine. Aliniambia kwamba chumba kile kilikuwa na baridi siku zote kwa ajili ya mashine, wote walivaa sweta, lakini wakati ule jasho lilimtiririka mpaka kiunoni. Alisikia feni za kompyuta, akasikia kalamu ya mtu ikianguka. Saa ya ukutani iliendelea na kazi yake.

Kuutuma tena kwa namba mpya kusingesaidia, boti isingesikiliza mpaka jioni. Kuwazuia mafundi wa baruti hakukuwezekana. Hao wakishaanza kufunga fataki zao za kulipulia baruti huzima kila redio, kwa kuwa mawimbi ya redio yanaweza kuziwasha mikononi mwao. Upande mmoja haukusikia, na upande wa pili haukusikia, na katikati alikuwepo mdogo wake anamenya viazi.

"Ukafanya nini?"

"Nilikaa."

Sikuelewa.

"Nilirudi kwenye kiti nikakaa. Nikawa natafuta namna ya kusema ni mashine. Mdogo wangu yuko juu ya mabomu, na mimi natafuta maneno ya kumwambia afande. Sijui nilikaa muda gani. Fundi wa kompyuta akapita akasema, 'Mama Roja, mbona umekuwa kama umeona jini?' Hapo ndipo nikasimama."

Mkuu wa zamu alikuwa mtu mwepesi wa hasira. Shangazi alimwambia yote, bila kupunguza, akaomba aiite boti hewani. Nilitegemea aniambie kwamba yule bwana alifoka, lakini alisema hapana, alinong'ona, na kunong'ona kwake kulimtisha zaidi.

"Ukiwaita kwa masafa ya wazi, unawaambia wale wenye bunduki kwamba tupo pale."

"Ndiyo, afande."

"Watawasubiri mbele."

"Ndiyo, afande. Nisipowaita, hakuna mbele."

Alitazama saa. Akasema, "Ita." Kisha akaongeza, "Na wasijibu. Wakijibu, wale watajua pa kupiga."

Shangazi akaita. Alirudia mara kadhaa, akaachia kitufe. Hewani pakabaki mvumo tu, kama wa kombe la bahari sikioni. Alikuwa amewakataza kujibu, na sasa angetoa hata macho yake wamjibu. Hakujua kama nahodha amesikia. Hakujua kama wameelekea kaskazini au wamebaki wakibishana. Ilipofika adhuhuri mlipuko ulifika kwao kwa miguu kabla ya masikio. Sakafu ilitikisika kidogo, chai ikachora duara kikombeni. Wenzake wakasema, "Hao wamelipua," wakaendelea na kazi. Yeye alibaki amevaa vipaza sauti vya masikioni mpaka jioni, hakula, hakwenda haja, akisikiliza mvumo. Aliniambia kwamba mchana ule alimzika mdogo wake. Alichagua hata mahali pa kaburi, halafu akakumbuka kwamba pengine hakutakuwa na cha kuzika.

Jioni boti ikasema. Mahali ilipo, uelekeo wake, na maneno mawili: wote salama. Alipotaka kuyarudia kama kawaida, sauti haikutoka, ikabidi mwenzake ayarudie badala yake.

Nilidhani hapo ndipo hofu ilipoishia. Yeye alitikisa kichwa. Mkuu wa zamu alimwita pembeni akamwambia kikosi kitasema ni hitilafu ya mashine. Mashine ni mpya, hakuna atakayeshangaa, na kuutangaza ukweli ni kuwazamisha wote wa chumba kile. "Tumeelewana, Mama Roja?" Akaitikia. Kisha ikaja ile paredi, na baba akipiga makofi.

"Ningemwambia usiku uleule," akasema shangazi. "Lakini alikuja na kuku mzima, amempika mwenyewe, akapiga magoti jikoni kwangu. Mwanamume mzima. Akasema, 'Dada, umenizaa mara ya pili.' Ningesemaje?"

"Angekusamehe."

"Labda. Labda angesema yamekwisha, halafu akawa ananitazama vingine. Ile siku nilidhani bahari imemchukua. Tangu hapo naogopa nitamchukua mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Tukasikia lango, na baba akiimba ovyo uani. Shangazi aliokota lile shati haraka, akalikunja, akalipiga pasi kwa kiganja. Baba aliingia akauliza, "Mnasengenya nani?" Shangazi akasema, "Wewe, Sufuria." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita hivyo. Baba akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza kucheka. Nilimtazama mwanamke huyu mzee akitabasamu na midomo tu, macho yake yakimfuata mdogo wake chumba kizima, nikaona kwamba kila aliposifiwa miaka yote ile alikuwa kama mtu aliyesimama tena pale kwenye printa, ameshika karatasi.

Hatukuzungumza tena habari hiyo. Nilipokuwa na nafasi ya kumwuliza, alianza kunirudishia swali, kisha akaacha katikati.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka uliofuata. Hospitalini walimlaza kwenye wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na mlango, na baba akawa anakwenda asubuhi na jioni na chupa ya chai na kiti chake cha kukunja. Alimsimulia kila muuguzi aliyebadili zamu. Siku ya mwisho niliyokuwepo, alimshika muuguzi mpya kwa kiwiko kabisa. "Dada, umwangalie vizuri huyu," akamwambia. "Unamwona hivi alivyokonda? Huyu ndiye aliyenitoa baharini. Mashine zililala, yeye hakulala." Muuguzi akasema, "Kumbe tuna shujaa humu," akamrekebishia shangazi mto.

Shangazi alifumba macho. Nilidhani ni maumivu. Baba alipotoka kwenda kutafuta maji ya moto, alinivuta mkono kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo, akausogeza uso wangu karibu na wake. Alikuwa anaangalia mlango, si mimi.

"Usimwache anishukuru kaburini," akasema. "Mwambie wewe. Mimi naogopa."