Mlima Haunyooshewi Kidole

Enzi zetu kule Marangu, kidole kilikuwa silaha. Ukinyooshea kaburi, kinaoza chenyewe. Ukinyooshea boga changa, linaoza boga. Jirani akitukera hatukumtukana. Tulipita kando ya shamba lake, tukayanyooshea maboga yake vidole, kisha tukatimua mbio huku tukiuma vidole vyote kumi, maana hiyo ndiyo iliyokuwa dawa. Watoto wa siku hizi wakikasirika wanakufungia kwenye simu. Boga wala halina habari.

Ila kitu kimoja Mama alikataza kabisa. "Mlima haunyooshewi kidole," alisema. Yeye mwenyewe akitaka kutuonyesha kilele cha Kibo asubuhi, kabla mawingu hayajakifunika, alichongoa midomo tu kuelekea kule juu. Barafu ilikuwa kofia nzima, imejaa, inang'aa kama sukari mpaka mate yanakutoka. Siku moja kaka yangu Eliudi akaunyooshea mikono yote miwili, tukiwa mstarini shuleni. Kesho yake nyuki akamuuma kidole, kikavimba kama ndizi mshare. Wiki nzima alitutoza kipande cha muwa kila tulipotaka kukitazama.

Mimi nilikuwa kiguu na njia tangu utoto. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka, nikazunguka weee, mpaka nikatua huku ughaibuni, Sterling, ninakoendesha basi la kupeleka abiria kwenye maegesho ya uwanja wa ndege wa Dulles. Mwaka huu Mama alikuja kututembelea, na akasema wazi kwamba akirudi nyumbani hapandi ndege tena. Kilichoniuma ni Neema, binti yangu. "Shikamoo, Bibi" ya asubuhi, basi. Masikio yanazibwa na vile vidude vyeupe hadi jioni. Bibi akimuuliza kitu kwa Kiswahili, ananijibu mimi kwa Kiingereza. Nikaona hawa wawili wakiagana hivi, ndiyo wameachana moja kwa moja. Na kwa kuwa mimi dawa yangu ya kila kitu ni safari, nikawabeba wote hadi Alaska.

Huko milima inashuka mpaka inaingiza miguu baharini. Tulipanda boti ya watalii, tukaona fisi maji wamelala chali juu ya maji kama wazee waliotoka kunywa mbege, na sili wamejibwaga juu ya mapande ya barafu. Mama alikuwa amejifunga kanga juu ya koti. Neema alitazama simu. Kisha boti ikazima injini mbele ya ukuta wa barafu ya buluu, mrefu kuliko mnara wa kanisa letu. Watu wote sitahani wakanyoosha vidole.

"Jamani, kunjeni!" Mama akapaza sauti. Akamdaka mkono babu mmoja Mzungu aliyesimama karibu, akamkunja kidole kwa nguvu. "Baba wewe, utauangusha!"

Babu akaduwaa. Mimi nilikuwa nimeshikilia chuma cha pembeni nikicheka, sina msaada wowote. Ikabidi Neema avue vile vidude, aombe radhi na kueleza. Hakuwa amemaliza, ukasikika mngurumo, na pande kubwa kama nyumba likameguka, likaporomoka majini. Boti ikayumba.

Macho yote kwa Mama.

"Si nilisema?" akasema. "Neema, mwambie aume vidole. Vyote kumi."

Neema akatafsiri. Na yule babu, jamani, akauma! Baadaye nyangumi alipoibuka, nusu ya watu botini walimwonyesha kwa midomo, na Neema alicheka mpaka akakaa chini.

Njia nzima ya kurudi aliketi ubavuni mwa Bibi, akiuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Na mwezi, je? Na mwalimu? Na Baba alinyooshea nini? Mama akamwambia yote, pamoja na maboga ya jirani, bila kunihurumia.

"Na barafu ya kwenu?" Neema akauliza.

Mama akakaza kanga yake. "Imebaki kama nywele za mzee mwenye kipara. Yule Eliudi hajauma vidole mpaka leo."

Wiki iliyofuata tulimsindikiza uwanjani Dulles. Alipita kwenye foleni ya ukaguzi, mdogo katikati ya watu warefu, kanga yake inaonekana na kupotea. "Yule pale!" nikasema, nikanyoosha kidole.

Neema akanipiga kofi mkononi. "Baba, kunja! Unataka Bibi aishe kama barafu?"

Akanisimamia mpaka niume. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka: zamani tuliuma mbiombio, tukicheka, tukijua Mama yupo jikoni na mlima upo palepale, utauona tena kesho asubuhi. Safari hii niliuma polepole, kimoja kimoja, watu na mabegi yao wakinipita. Nilipofika cha kumi, nilianza tena.