Mwalimu anayefundisha vigawe kwa makofi

Kipindi cha pili kimeanza na darasa la sita linatetemeka. Wanafunzi wa upande wa kushoto wanapiga makofi kwenye kila namba ya nne, wa kulia wanakanyaga sakafu kwenye kila ya sita. Katikati amesimama mwanamke wa miwani myeusi, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Hesabu inafika kumi na mbili. Makofi na vishindo vinalia kwa pamoja.

"Hapo! Tumekutana wapi?" anauliza.

"Kumi na mbili!"

"Basi hicho ndicho kigawe kidogo cha shirika cha nne na sita. Twende, tutakutana tena wapi?"

"Ishirini na nne!"

Wanafunzi humwita Mwalimu Makofi. Haoni hata kivuli cha ubao.

Presha ya macho ilianza kumnyemelea akiwa na miaka thelathini na tisa. Alificha kadiri alivyoweza.

"Nilikuwa naandika mstari juu ya mstari," anasema. "Watoto wanacheka, na mimi nacheka nao, kumbe roho inaniuma."

Giza lilipokamilika, mwalimu mkuu alimwita ofisini. Alimwonea huruma kweli. "Mama, umefanya kazi kubwa. Kaa hapa uwe unapokea simu," alimwambia.

"Simu nitapokea nikistaafu," alijibu. "Nipe darasa langu mpaka mtihani wa katikati ya muhula. Wakifeli, nitakuja mwenyewe kukaa kwenye hicho kiti."

Mwanzo ulikuwa mgumu. Alieleza kwa mdomo, lakini watoto hawakumfuata. Msichana mmoja wa dawati la nyuma alimwambia waziwazi, "Mwalimu, hatujaelewa hata kidogo." Siku hiyo alirudi nyumbani ameshikwa mkono na mumewe, ambaye ni seremala.

Jioni alikaa uani. Mumewe alikuwa akigongelea misumari kwenye kitanda cha mteja, na bomba bovu likidondosha maji kwenye ndoo.

"Nikasikia nyundo na tone vinakutana, vinaachana, halafu vinakutana tena," anasimulia. "Nikamwambia, baba, usiache kugonga! Akadhani nimechanganyikiwa."

"Nilidhani hivyo kweli," mumewe anadakia, akicheka. "Nikagonga mpaka mkono ukafa ganzi."

Kesho yake aliligawa darasa pande mbili. Kwa vigawo, alitumia vizibo vya soda: kumi na vinane vyekundu, ishirini na vinne vyeupe. Kila rangi ipangwe mafungu yake, yote yalingane, kisibaki hata kizibo kimoja. Mafungu ya viwili viwili yalikubali, ya vitatu vitatu pia. Wakazidi kuyakuza hadi yakafika ya sita sita. Zaidi ya hapo, vingine vilibaki mezani. Alipita akipapasa meza moja baada ya nyingine.

"Hili fungu lako limenenepa," alimwambia yule msichana wa nyuma. "Limekula la mwenzake."

Darasa likaangua kicheko. Msichana akahesabu upya, akatoa kizibo kimoja, akapiga kelele: "Sita! Ndicho kigawo kikubwa cha shirika!"

Mtihani ulipofika, mwalimu mkuu alisahihisha mwenyewe. Kisha akaja mlangoni na karatasi mkononi.

"Wamefaulu," alisema. "Karibu wote. Kile kiti nimempa mtu mwingine."

"Niliwageukia watoto," anakumbuka. "Nikawaambia, haya, pigeni makofi, leo ni yenu."

Sasa mwalimu kijana humwandikia ubaoni, na yeye anajifunza nukta nundu ili atunge mitihani yake mwenyewe. Vidole vyake bado ni vizito, lakini kila wiki anasoma ukurasa mrefu kuliko wa wiki iliyopita.

"Muhula ujao nataka na darasa la saba," anasema, akipangusa miwani kwa mazoea. "Nimeshamwambia mwalimu mkuu aniweke kwenye ratiba. Na aniandike kwa wino, si kwa penseli."