Gemu Bubu ya Mama

Mama yangu ana gemu ya matofali, ile ndogo ya kushika mkononi, na wajukuu wake wanaicheka. Ni ya plastiki ya kijivu, mgongo wake umeshikiliwa kwa utepe, na kioo chake hakina rangi. Kinachotokea ndani ni kimoja tu: matofali yanaanguka kutoka juu, unayapanga, mstari ukijaa unafutika. Mwanangu wa mwisho alipoiona mara ya kwanza aliuliza, "Bibi, hii njo calculatrice, ile ya kupigia hesabu?" Mama alikuwa amenyoosha miguu kwenye mkeka, midomo ameikaza, akiyatukana matofali kama anavyowatukana mbuzi wa jirani wanaoingia kula sombe yake, majani ya mihogo. "Enda kule, mupumbavu we. Nimesema kule!"

Hakuna anayemshinda. Mimi nimejaribu miaka yote hii na nimechoka. Wanangu, wenye simu za vioo vikubwa, walijaribu Idi ya mwaka jana, wakashindwa mmoja baada ya mwingine, kisha wakasema gemu yenyewe ni mbovu kwa sababu haina sauti. Ni kweli haina. Lakini haikujiharibikia yenyewe, na wakiisema vibaya mbele yangu napandwa na hasira ambazo hazilingani kabisa na kidude cha plastiki.

Baba aliinunua Kalemie. Alikuwa mtu wa reli, na wakati treni bado zinafika kwetu Kindu hakurudi safari mikono mitupu: samaki wadogo wa ndagala, sabuni, mara moja saa ya ukutani, mara moja gemu hii. Wakati huo ilikuwa na kelele. Ukiiwasha iliimba kawimbo kembamba, kama mbu aliyefundishwa kuimba, na kila tofali lilipotua ililia ti. Kitufe cha kuzima sauti tulikizamisha kwa vidole vyetu siku za mwanzo tu, kikafa, kwa hiyo nyumba nzima ilijua nani anacheza na nani anashindwa.

Betri tuliziita mawe, na mawe yalikuwa na utaratibu ambao mama aliusimamia kwa ukali. Mapya yaliingia kwenye tochi. Yakichoka kwenye tochi yalihamia kwenye redio. Yakichoka kwenye redio tuliyaanika juani juu ya bati, tukayang'ata ubavuni, ndipo yakaingia kwenye gemu. Gemu ilikula makombo, na tuliona ni haki, maana ndiyo iliyokuwa haina faida kwa mtu yeyote.

Vita vilipofika, reli ilikatika baba akiwa kule Kalemie, na hatukumwona tena mpaka vilipoisha. Asubuhi risasi zilipoanza kulia upande wa uwanja wa ndege, mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akanitwisha mpunga, tukatoka na majirani kuingia msituni, upande wa njia ya Pangi. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Mdogo wangu hakuwa ametimiza miwili. Alikuwa ameishika gemu na hakutaka kuiachia, na mama hakuwa na muda wa kubishana naye, basi gemu nayo ikakimbia vita.

Msituni tuliishi kwa kunyamaza. Jogoo ndio waliotangulia kuliwa, siku ile ile ya kufika, kwa sababu wanawika. Kutwanga kulikatazwa, maana mchi unasikika mbali. Wanawake waliusugua mpunga kwa mikono juu ya jiwe, na tulikula wali wenye maganda yanayokwaruza koo. Wakubwa walikohoa ndani ya nguo. Kila mtu aliweza kunyamaza isipokuwa mdogo wangu. Alikuwa na njaa, meno yalikuwa yanamwota, na alilia kwa sauti ambayo hata leo, akibishana na wateja wake, naitambua kutoka barabarani.

Wenye bunduki walipita karibu mara kwa mara. Kila waliposikika, mama alimziba mtoto kinywa kwa kiganja. Siku moja walikawia. Nadhani walikaa kupumzika, kwa sababu tuliwasikia wakicheka. Mama hakuondoa mkono. Mimi nilikuwa nimeketi mbele yake, nikaona miguu ya mtoto inapiga, kisha inapiga polepole, kisha imetulia. Walipoondoka mama aliutoa mkono, akampulizia usoni, akampiga mgongoni, na kwa muda hakuna kilichotokea. Nilijua amekufa. Halafu akavuta pumzi, akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile, wala kukiogopa hivyo.

Jirani yetu mmoja, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa anatuongoza. Alikuja akachuchumaa mbele ya mama.

"Mama, huyu mutoto atatuuwisha sisi wote. Kama hawezi kunyamaza, utoke naye, uende kule mbali."

"Niende naye wapi?" mama akasema. "Uniambie wewe. Wapi?"

Fundi alibaki pale pale, amechuchumaa. Nilimchukia mtu yule. Leo nina watoto wangu, na nakumbuka kwamba nyuma yake walikuwa watoto wake, wamejibanza, wananyamaza vizuri kuliko sisi.

Mtoto akaanza tena. Mama akaangalia huku na huku, akachukua gemu, akaiwasha. Kawimbo kakalia msitu mzima, au ndivyo nilivyosikia mimi, na watu wote wakageuka. Fundi aliruka aikamate. Mama aliikumbatia tumboni, akainama nayo, akachukua kisu cha kumenyea mihogo na kuitumbua mgongo. Ndani kulikuwa na kitu cha duara, chembamba kama sarafu, chenye waya mbili. Alizikata. Alipoigeuza, matofali yalikuwa bado yanaanguka, ila sasa bila sauti. Mdogo wangu aliyatazama, machozi hayajakauka, kidole mdomoni. Akanyamaza.

Yale mawe yalikuwa ya makombo, hayakufika mbali. Kioo kilipoanza kufifia, sote tulimwangalia mtoto, maana tulijua kinachofuata: ama mkono, ama kufukuzwa. Fundi alikuwa na redio, ambayo aliisikiliza kwa kuibandika sikioni, na ndiyo iliyotuambia nani ameushika mji. Aliifungua, akatoa mawe, akampa mama.

"Chukua. Habari itatufikia tu. Umuwekee mutoto."

Tangu hapo utaratibu ukabadilika. Mawe mema yaliingia kwenye gemu kwanza. Redio ilikaa tupu, na kwamba mji umetulia tuliambiwa na mpita njia, tukiwa tumechelewa sana. Hakuna aliyelalamika. Mama hakumziba tena mtoto kinywa.

Baba alirudi reli ilipofunguka, amekonda, akaiona gemu bubu, akauliza imekuwaje. Mama alisema imeharibika. Basi.

Mdogo wangu tulimsimulia hadithi ya gemu, na anaipenda kupita kiasi. Ukimkuta na rafiki zake anajiita mtoto wa matofali, anaongeza chumvi, wenye bunduki wanakuwa jeshi zima. Kuhusu mkono hatukumwambia. Hatukuahidiana kuficha, ila kila tulipofika pale, ulimi wa mmoja wetu ulipita pembeni.

Siku hizi anatengeneza simu, ana kibanda chake Mikelenge, na hawezi kuona kitu kibovu akakiacha. Mimi humwambia kwamba ukimwachia kuku mgonjwa atampasua kutafuta waya. Karibu na Idi ya mwaka huu alimwomba mama gemu, akasema anakwenda kuisafisha kioo. Aliirudisha siku ya Idi yenyewe, tumeshakula wali na kuku, nyumba imejaa watoto. Akapiga magoti mkekani mbele ya mama, anatabasamu mpaka masikioni.

"Mama, sikia. Nimekuletea idi yako."

Akaiwasha. Kawimbo kale kale. Watoto wakapiga makofi.

Mama hakuiangalia gemu. Mkono wake mmoja ulishika kisogo cha mwanawe, na mwingine ukamziba kinywa, kiganja kizima, kwa nguvu. Macho yake yalikuwa mlangoni. Watoto walicheka, wakidhani bibi anatania, kisha wakaacha. Gemu ikaendelea peke yake, ti, ti, ti. Mdogo wangu ni mtu mzima, ana ndevu, angeweza kuutoa mkono ule kwa kidole kimoja. Hakuutoa. Alipumua kwa pua, akamtazama mama, akanitazama mimi. Niliinuka nikaizima.

Mama alishusha mikono, akaifuta kwenye kitenge chake, akauliza nani hajapata kuku.

Mdogo wangu alinifuata nje, akaniita yaya, yaani mkubwa wake.

"Yaya, kule msituni mama alikuwa ananiziba kinywa vile?"

"Njo vile."

"Sana?"

"Sana," nikasema, na hapo nikashindwa kujizuia, nikalia kama mjinga mbele ya pikipiki yake. Nikamweleza yote: miguu iliyotulia, fundi, mawe ya redio. Alijipangusa uso, akatoa bisibisi mfukoni, akarudi ndani, akaifungua gemu na kuzikata waya alizoziunga mwenyewe. Kisha akaiweka mkekani, karibu na goti la mama.

Mama aliichukua, akanyoosha miguu. "Enda kule, mupumbavu we," akaliambia tofali la kwanza. Mdogo wangu alikaa kando yake, bega kwa bega, akitazama matofali yakianguka, na mpaka adhana ya magharibi hakusema neno.