Kijineno Nilichokuwa Nakitafuta

Mwanangu, naikumbuka hata saa yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, nimerudi Kurui likizo, viatu vya shule bado miguuni. Nilikuwa darasa la tisa wakati wa Mwingereza, msichana wa kuandika zaidi kuliko kusema. Nikaingia chumba cha ndani kumwona Zuhura, mtoto wa baba yangu mkubwa.

Zuhura alikuwa mwali. Tangu avunje ungo alifungiwa mle, akifundwa na kungwi wake, Bi Mwanaidi. Na mwali wa kwetu sauti yake haitakiwi kusikika nje ya ukuta. Akanivuta sikio, akaninong'oneza:

"Nifundishe Kiingereza. Baba kasema Madamu, yule Mzungu wa shule ya wasichana, akinichagua, nitasoma bweni. Asiponichagua, kuna mtu wa Mlandizi kashaleta posa."

Basi tukaanza. Nikamweleza kwamba kitenzi cha Mzungu huwezi kukiamini mpaka uone kijineno kinachokifuata. Neno ni lile lile, "look", lakini ukilifuatisha "for" unatafuta, ukilifuatisha "after" unalea. Shuleni tulivikariri vijineno hivyo kwa orodha ndefu. Zuhura hakutaka orodha. Yeye alivitenda: akisema "sit down" anakaa, akisema "get up" anainuka, "put out" anakizima kibatari, tunabaki gizani tukijizuia kucheka.

"Nyie," Bi Mwanaidi aliuliza siku moja akiwa mlangoni, "huko kwa Wazungu hata kukaa kitako kuna masomo?"

Ndani ya likizo ile alinipita. Mimi nilijua maana. Yeye alijua wakati wa kuvitumia. Lakini yote, mwanangu, tuliyasoma kwa kunong'ona.

Akatolewa kwa ngoma. Haukupita muda, Madamu akaja na gari kuchagua wasichana, akakaa kwenye baraza ya shule ya kijiji. Mimi niliwekwa pembeni, endapo akina mama watahitaji mkalimani. Zuhura akaitwa. Madamu akamuuliza nyumbani anafanya kazi gani. Zuhura akainamisha macho, kama mwali aliyetolewa majuzi anavyopaswa, akajibu. Mimi nilimsikia, maana masikio yangu yalishazoea mnong'ono wake. Alisema analea wadogo zake, anaamka mapema, anawasha moto, na kila kijineno kilikaa mahali pake. Madamu hakusikia kitu.

"Speak up!" akasema. Kwamba apaze sauti.

Zuhura alielewa. Midomo ikacheza tena, lakini sauti haikuvuka meza.

Sentensi moja tu ndiyo iliyokuwa ikihitajika: kwamba alikuwa amefungiwa ndani, ndiyo desturi yetu, na yote anayajua. Nilikuwa nayo mdomoni. Ila kufungiwa nilikujua kwa "shut", nikaanza kujiuliza nifuatishe "in", au "up", au kingine. Shuleni niliwahi kukosea kijineno kimoja, darasa zima likacheka, wakanipachika jina ambalo hata leo silisemi. Nikawa nachagua, narudisha, nachagua. Madamu akafunga mkoba wake, akaita mwingine.

Njiani kurudi nyumbani Zuhura hakulia. Bi Mwanaidi, aliyekuwa amemsindikiza mwali wake, ndiye aliyesimama, akanigeukia.

"Si wewe mwenye Kizungu hapa? Ulikuwa unamwekea nani?"

"Shikamoo bibi, niliogopa kukosea..."

"Shikamoo ya nini saa hizi? Mwenzio nimemfunda mimi kunyamaza mbele za watu. Wewe kakufunda nani?"

Zuhura aliolewa Mlandizi, akawalea watoto wake vizuri, na hakuwahi kunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: lugha ya watu jifunze, na vijineno vyake usividharau. Lakini usikiache kinywa kifungwe kwa kutafuta usahihi wakati mtu wako anapotea mbele ya macho yako. Sema vibaya, wacheke, kisha warekebishe. Ukishasema kuna cha kurekebisha. Mungu akujaalie sauti siku utakapotakiwa kumsemea mwenzio, na asikuonjeshe ukimya niliouonja mimi.

Siku ile ya Madamu, kesho yake alfajiri, kabla nyumba haijaamka, nilitembea mpaka kwenye nyumba ya wageni alikolala Madamu. Gari lilikwishaondoka; mpishi wa nyumba ile alikuwa anamwaga majivu. Nikasimama barabarani, nikaisema sentensi yangu yote kwa sauti kubwa, kijineno nikapachika kilichonijia kwanza. Mpishi akanitazama, akaitikia kwa adabu, "Ndiyo, dada."

Nikarudi nyumbani. Zuhura alikuwa anatwanga. Nikashika mchi wa pili.