Mkate wa Ng'ambo

Mama alizaliwa kisiwani Jibondo, ambako hata maji ya kunywa yaliletwa kwa chombo, na nadhani huko ndiko alikojifunza kwamba kitu cha maana lazima kivuke bahari. Mimi sikuvuka popote. Nililala chumba cha pili, hapa hapa Kilindoni, nikimwogesha, nikimfulia, nikimpikia mkate.

Na mkate wangu si wa kubahatisha. Naukanda unga wa ngano kwa tui la nazi na hiliki, nauacha uumuke, nautia kwenye sufuria juu ya mchanga wa moto, kisha napalia makaa juu ya mfuniko. Watu huniagiza kwa ajili ya hitima. Mama alimega, akatafuna kidogo, akasema, "Mzito." Alichokitaka ni mkate mweupe wa dukani aliotumiwa na mdogo wangu wa kiume kutoka Dar, umekatwa slesi, umo ndani ya mfuko wake wa nailoni. Ulifika siku ya tatu au ya nne, mkavu, mara nyingine na ukungu pembeni. Mama aliubandua ukungu kwa kucha, akala kwa bismillahi ndefu.

"Mwanangu huyu hanisahau," alikuwa akisema, na mimi nimesimama pale pale na kikombe chake cha chai.

Basi huyo asiyesahau akasahau. Alioa, simu zikapungua, mkate ukakoma. Mama wakati huo alikuwa haoni tena kwa mtoto wa jicho, na maradhi yamemlaza. Uji akaukataa, wali akaukataa. Siku ya pili bila chakula aliniuliza, "Chombo hakijaja?" Niliogopa atanifia na njaa mikononi. Nikauchukua mfuko wa mwisho wa Dar, ambao nilikuwa nimeuweka nitilie dagaa, nikatia mkate wangu ndani. Alinusa hiliki, akausukuma.

Hapo ndipo nilipojifunza kupika vibaya kwa makusudi. Niliondoa tui, niliondoa hiliki, nikabaki na unga, hamira, chumvi, sukari kidogo na maji. Makaa ya juu nikayapunguza, usije ukapata ile ladha ya moto. Nikaukata slesi nyembamba kwa kisu cha samaki nilichokisugua kwa ndimu. Kisha, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, nikauacha ulale mpaka kesho yake ukauke, maana mkate laini haujapata kutoka Dar.

Mfuko ulipochakarika chini ya vidole vyake, mama alitabasamu. Alikula slesi mbili akichovya kwenye chai.

"Huu ndio mkate," aliniambia. "Umeona? Jifunze."

Nilicheka. Kisha nikatoka uani nikalia kwa hasira. Ulimi ulitaka kusema fadhila ya punda ni mateke, nikakumbuka kwamba ni mama.

Miezi iliyobaki nilipika hivyo hivyo. Kila alipomaliza kula alinyanyua mikono kumwombea mdogo wangu riziki, umri na watoto wema, nami nikaitikia amina, kwa mkate wangu mwenyewe. Siku zake za mwisho alimpa radhi zake zote, akamtaja kwa jina mbele ya shangazi zangu. Kwangu alisema, "Nawe, mwanangu, usimwonee wivu mdogo wako."

Mdogo wangu alikuja kuzika. Siku ya tatu ya msiba alinifuata uani, nikichochea moto wa wali wa watu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Kina shangazi wananishukuru, eti nimemlisha mama mpaka mwisho. Mkate gani wanaousema?"

Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa amelia kwelikweli. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni. Lakini ningeyasema, mama angebaki kuwa kikongwe kipofu aliyedanganywa kitandani na bintiye, na hadithi hiyo ingezunguka Mafia nzima kabla ya arobaini.

"Ule uliokuwa ukileta," nikamwambia.

Alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hilo angalau nililitimiza."

Akarudi barazani kwa wanaume kupokea pole. Nilibaki na mwiko mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani nikamchukia mama.