Kitambaa cha Marehemu Juu ya Kompyuta

Ndugu na marafiki, niwieni radhi: leo asubuhi nimekaribia kuiunguza kompyuta ya mjukuu wangu kwa heshima iliyopita kiasi.

Neema huhariri video za harusi hapa kwangu Newala.
Video ya harusi moja ya Masasi inasubiriwa kesho, na kompyuta ilikuwa ikijikongoja. Akaamua kuipandisha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kasi kupita ile ya kiwandani.

"Haitaungua?" nikauliza.

"Babu, tunapandisha kidogo kidogo huku tunapima joto. Likizidi, tunarudi nyuma."

Akapandisha. Salama.

Akapandisha tena, kidogo tu. Joto likapaa, kompyuta ikajizima.

Neema akashika kichwa. Harusi ya watu hiyo!

Nikazunguka nyuma, ingawa sijui lolote. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa na kitambaa cha kufuma cha marehemu mke wangu. Nilikitandika mimi mwenyewe jana, kama nifanyavyo kwa redio na kila chombo cha thamani humu ndani.

"Hukukiona?"

"Nilikiona, Babu. Ni cha Bibi. Ningekiondoaje?"

Samahanini, hapo nilikipapasa kwanza.

Kisha nikakiondoa. Neema akaangua kicheko, akanitania kama wajukuu wafanyavyo: "Mume wangu, mgonjwa wa homa wewe unamfunika blanketi!"

Sasa mashine inakwenda mbio, joto ni la wastani, na bibi harusi anacheza bila kukwama.

Nawaomba mnieleze: vitambaa vya marehemu wenu mmeviweka wapi?
Changu Neema amejitanda mabegani, na kinampendeza.